Fandesheni Mbili za Jaffar

Alhamisi baada ya alasiri Mwanamina alikuwa barazani akichambua mchele, sinia limefika nusu, Jaffar alipoingia kutoka Mombasa na mifuko miwili ya khaki. Mmoja aliuweka kwenye kiti karibu naye. Wa pili aliendelea kuushika.

"Nimewaletea fandesheni, wewe na mwenzako," alisema. "Sawa kwa sawa."

Kisha akatoka, akapita upande wa pili wa ukuta, kwa Faiza, mke wake mdogo. Nyumba zao pale Kaloleni zimeshikana ukuta mmoja na zinatumia kamba moja ya nguo. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mwanamina, ya pili katika zile mbili zake, na viatu vya Jaffar vikakaa mlangoni kwa Faiza mpaka asubuhi. Ilikuwa mara ya tano tangu Idi. Mwanamina hakuwa mtu wa kugombana. Alitaka jambo moja tu, mumewe aje siku zake, na hilo alimwomba Mungu, kwa kuwa mume alikwisha ombwa.

Ndani ya mfuko wake mlikuwa na tyubu ya plastiki. Alipotoka kuanika leso aliona, dirishani kwa mwenzake, chupa ya kioo kizito yenye pampu ya rangi ya dhahabu. Akavaa buibui, akachukua tyubu yake, akaenda sokoni kwa Wendy, binti anayeuza vipodozi.

Wendy aliitambua tyubu bila kuisoma. Alisema si mbaya, wamama wengi wananunua. Alimpaka kidogo mgongoni mwa mkono, akamweleza kwamba ngozi ya mtu mzima haitaki kitu kizito, kizito kinaingia kwenye mikunjo na kulala humo. Alowanishe sponji, aguseguse, asisugue, wala asipake poda juu yake. Kasoro yake ni kwamba inakuja rangi tatu tu, na ikifika saa sita mchana inaanza kuwa kijivu.

Mwanamina akamweleza habari ya chupa ya kioo.

"Hiyo hatuleti Voi, mathe," Wendy alisema. "Hiyo ni ya wenyewe."

"Na tofauti yake?"

"Zote ni za watu wazima, zote nyepesi. Lakini hiyo sasa ni nyepesi kabisa. Unapaka unasahau kama uko na uso."

Kesho yake asubuhi Faiza alitoka kuanika nguo akiwa vidole vinne juu ya ardhi. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kwa uso ule ungempa thelathini na tano. Mwanamina alimtazama miguuni. Kipande cha sabuni ya mche kingepita chini yake bila kugusa unyayo. Akaingia ndani, akalowanisha sponji, akagusagusa kama alivyofundishwa, akasimama katikati ya chumba. Naye alijiona amepaa. Karatasi ingepita chini ya nyayo zake, ingawa ingekwama kwenye kisigino cha kushoto.

Majirani hawakulifanya jambo hilo kubwa. Walimwita Faiza awabadilishie balbu na kuwatolea utando wa buibui darini, wakamuuliza kama mafuta hayo yanafaa ngozi kavu. Wakati wa sala alikuwa akinawa uso ili udhu utimie, na maji yakimgusa tu, anashuka. Mwanamina alikuwa akisikia upande wa pili wa ukuta nyayo zikitua kwenye simiti. Kila alasiri alitega sikio kama sala itapita bila mshindo ule. Haikupita hata siku moja. Hilo lilimuuma zaidi, maana angependa mwenzake awe na kosa.

Siku ya tisa alimwambia Jaffar kwamba mwenzake alipewa ya juu na yeye akapewa ya chini.

"Fandesheni ni fandesheni, Mama Samir. Mbona watafuta maneno?"

"Basi tupime, Baba Samir. Mimi nipake yake, yeye apake yangu."

Jaffar alikubali, tena kwa moyo mkunjufu. Duka lake la vifaa vya ujenzi linajulikana kwa mizani. Watu hushuka kutoka Werugha na Mwanda kununua misumari kwake, wakipita maduka mengine sita, kwa sababu kilo yake ni kilo.

Walipimwa Jumamosi asubuhi, kwenye mizani kubwa ya chini. Aliyesoma ni Maundu, mpakizi wa duka, aliyebeba simiti pale kwa miaka kumi na minane. Kabla ya kupaka chochote, Mwanamina alikuwa kilo sabini na nne na Faiza sitini na nane. Kisha wakabadilishana.  Faiza alifuta hata pampu kwa pindo la leso yake kabla ya kuitoa.

Faiza akapaka ile ya tyubu, akapanda. Maundu alisoma thelathini na moja, kisha akaomba feni izimwe, kwa sababu ilikuwa ikimsukuma Faiza. Mwanamina akapaka ile ya chupa. Ilikuwa laini kama alivyoambiwa, na haikuingia kwenye mikunjo. Akapanda.

"Sabini na nne," Maundu akasema.

Mwanamina akashuka, akarudia kupaka, mkono wa pili. Sabini na nne. Akaongeza wa tatu, mpaka shingoni. Maundu aliinama, akatazama vizuri, akasema sasa ni sabini na nne na kitu kidogo, na hicho kidogo ni fandesheni yenyewe.

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja bawaba alicheka, kisha akaacha. Mwanamina alibaki juu ya mizani. Duka hilo lilijengwa kwa mchanga alioubeba yeye kichwani kutoka mtoni, mimba ya Samir ikiwa na miezi saba. Ni yeye aliyembeba mama yake Jaffar miaka tisa, kitandani hadi msalani, msalani hadi kitandani, mpaka Mungu alipomchukua. Faiza aliolewa matanga yalipokwisha.

Maundu akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, usiumie. Hata mimi Jumapili sibebi kitu, na simiti bado iko mgongoni."

Jaffar alikwisha chukua kitambaa, alikuwa anafuta mizani.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Si chupa." Akamwita mtu wa bawaba.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa kuwa mizani ilikuwa imesema. Zamu za Mwanamina zikaendelea kuwa anavyopenda yeye Jaffar.

Mwezi wa saba upepo ukaanza kushuka Voi na vumbi lake jekundu. Wiki ya kwanza ulimchukua Faiza njiani akitoka sokoni, ukampitisha juu ya paa la kinu cha unga, na alikutwa amenaswa buibui kwenye seng'enge ya uwanja wa mpira. Fundi wa stima akamshusha kwa ngazi. Faiza akamwambia mumewe kwamba ataacha kupaka mpaka upepo uishe. Jaffar alikataa. Alisema hakumnunulia kitu kile akiweke kabatini, na kwamba amezoea kumwona alivyo. Kinachotakiwa ni mtu mzito wa kumshika.

Jumatano, siku ya kwanza ya zamu ya Mwanamina, Jaffar alikuja mlangoni kwake baada ya adhuhuri. Alikuwa hajaja wiki tatu. Mwanamina alikuwa amepika wali wa nazi na mbaazi, akatandika mkeka upya. Alipoisikia sauti yake akanawa mikono haraka na kutoka.

"Upepo umeanza," Jaffar alisema. "Twaalikwa Birikani, harusini. Twende umshike mwenzako."

Mwanamina akafunika wali. Akavaa buibui, akatoka, akamshika Faiza mkono, na wakafuata njia, mmoja ardhini na mwingine juu kidogo, nguo zao zikipigwa na upepo upande mmoja. Waliokutana nao walisalimu na kusema mashaallah, wake wenza wengi wangejifunza kwa hawa. Mwanamina aliitikia. Mkono wa Faiza ulikuwa mwembamba, una joto, na ulikuwa ukivuta.

Walipofika kwenye uwazi kabla ya nyumba za Birikani, pasipo na ukuta wala mti, upepo uliongezeka. Faiza akapanda mpaka miguu yake ikawa usawa wa kiuno cha mwenzake.

"Da Mwanamina," alisema, "ukichoka sema."

"Nikichoka utaona."

Kidole kidogo cha Mwanamina kikaachia. Kisha cha pete. Hakuna mtu ambaye angejua, maana upepo ni upepo, na kila mtu Voi alikwisha ona unachofanya. Mkono wa Faiza ukateleza kidogo.  Faiza hakumtazama hata Mwanamina. Alikuwa anautazama mgongo wa Jaffar, aliyekuwa hatua kumi mbele, kanzu safi, mikono yote miwili nyuma, mitupu. Mwanamina naye akautazama. Wakautazama kwa muda, wote wawili.

Kisha Mwanamina akavirudisha vidole vyake, kimoja kimoja, akaushika mkono ule kwa nguvu kuliko mwanzo, mpaka mifupa ikagusana.

"Mmeshikana?" Jaffar aliuliza bila kugeuka.

"Tumeshikana," Mwanamina akajibu, na wakaendelea kwenda.