Jina la Saba Nyuma ya Picha

Picha yenyewe haikuwa kubwa, sinia la chai lingeifunika. Mwanamke wa Kifaransa amejifunga kitambaa kichwani, amechorwa kwa kalamu ya tete na wino uliokuwa mweusi zamani, sasa umegeuka kahawia. Mashavu yake ni vitone vitupu, vingi kama punje za wimbi. Winfred, mtumishi wa ndani, aliipangusa vumbi miaka tisa katika nyumba ya Mama Latifa huko Al Rayyan, mji wa Waarabu, hata akamzoea yule mwanamke kama jirani.

Nyuma ya picha yaliandikwa majina ya wote waliopata kuwa nayo tangu ichorwe, miaka zaidi ya mia moja na thelathini. Majina sita. La sita la Mama Latifa, aliloandikiwa na marehemu mumewe.

Mwaka jana, Winfred akimkausha miguu, bibi huyo alimwambia, "Hii ni yako, binti yangu. Andika jina lako pale nyuma."

"Niandike mwenyewe, Mama?"

"Huuoni mkono wangu unavyotetemeka? Hata kijiko si unanishikia wewe?"

Winfred akachukua biki ya buluu, akaandika polepole, herufi zimekaa sawa kama alivyofunzwa darasa la tatu. Picha ikarudi ukutani. Miezi miwili baadaye Mama Latifa akapigwa na kiharusi, kikaondoka na kumbukumbu.

Juzi bintiye, Madam Noora, alileta mtaalamu wa picha za kale. Bwana yule akavaa glavu, akaigeuza, akaguna.

"Tazama. Kila mwenye picha ndiye aliyeandika jina la anayempokea. Hili la sita ni mwandiko wa baba yako. Lakini hili la mwisho si mkono wa mama yako."

"Winfred! Nani ameandika hapa?"

"Mimi, Madam. Mama aliniambia..."

"Mama gani? Huyu asiyejua hata leo ni siku gani?"

"Picha baki nayo, Madam. Ila muulize. Aseme tu kwamba sikuiba."

Wakampelekea kitandani. Mama Latifa aliitazama picha, akatabasamu.

"Mama, ulimpa Winfred hii?"

"Winfred ni nani?"

"Ni mimi, Mama." Winfred alipiga magoti, mkononi ana kikombe cha maji cha bibi. Bibi akamwangalia kama mtu aliyeingia bila hodi, akavuta shuka hadi kidevuni.

Madam Noora hakuita polisi. Alimkatia Winfred tiketi ya kurudi kwao siku hiyohiyo.

Silvesta, dereva wa nyumba, mtu wa Kakamega, alipakia sanduku kwenye gari. "Dada, si ungekana tu? Ungesema ni jini ameandika."

"Mwandiko ni wangu, Silvesta."

"Ndiyo hasara ya kwenda shule."

Hakucheka hata mmoja wao. Dirishani juu Mama Latifa akaanza kukohoa, kile kikohozi kisichotulia mpaka ainuliwe, awekewe mito miwili mgongoni. Winfred akasimama na mkono kwenye mlango wa gari, akisubiri kusikia mtu akimwinua. Kikohozi kikaendelea. Silvesta akawasha gari.