Fimbo ya Ikupa

Ikupa alikuwa fundi cherehani wa Mwanjelwa, na kwa miaka kumi na miwili alicheza pool kwa fimbo za watu. Fimbo za klabu zilikuwa zimepinda, na nyingine ngozi ya nchani ilikwisha kulika. Alishinda nazo, akashindwa nazo.

Kisha mama yake akapooza upande mmoja. Kwa miaka miwili Ikupa alimlisha, akamwogesha, akamgeuza kitandani kila baada ya saa chache asipate vidonda, na katikati ya hayo akashona. Pool aliiacha. Mama alipofariki mwezi wa tano, watu walimwambia apumzike. Hakuna aliyemweleza mtu anapumzikaje. Aliendelea kushtuka usingizini saa zilezile za kumgeuza mama.

Mwezi wa saba Jofrey, nahodha wa timu yao, alimfuata kwenye kibanda chake cha kushonea kumwomba arudi mezani. Ikupa alijibu kwamba akirudi, atarudi na fimbo yake mwenyewe. Alisema hivyo ili aachwe tu. Lakini Jofrey alimwelekeza kwa mzee Sosthenes, seremala wa Iringa anayechonga fimbo kwa kipimo cha mchezaji, na Jumamosi moja Ikupa akajikuta ndani ya basi.

Alifika saa nane mchana. Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba ya mzee, njia ya kwenda Tosamaganga. Baada ya salamu mzee hakumuuliza anataka fimbo ya namna gani. Alimpima mkono kutoka begani hadi vidoleni, akatandaza blanketi juu ya meza ya kazi, akaweka mpira mmoja. Akamletea fimbo tatu za majaribio: ya kwanza kishikio chake cha mpingo, nzito, ya pili cha mninga, ya tatu yote ya mti wa mpodo, nyepesi.

Ikupa aliinama, akapiga kwa ile ya mpingo. Mpira ukaenda upande, ukaanguka sakafuni. Akajaribu ya mninga. Akaukosa mpira kabisa. Akainua ile nyepesi na kusema atachukua hiyo, hata kabla hajaijaribu.

Mzee akamuuliza amelala lini.

"Jana, baba."

"Sikuulizi umepanda kitandani lini, mwanangu. Nakuuliza umelala lini."

Ikupa akamsimulia habari za mama yake, kwa maneno machache, macho yake yakiwa kwenye blanketi.

"Leo mkono wako utachagua chochote kisicho na uzito," mzee akasema. "Siwezi kukuchongea fimbo ya uchovu. Nenda ukalale kwanza."

Akamwita mkewe, mama Lea, aliyemtandikia godoro sebuleni bila kuuliza neno. Ikupa alijilaza kwa heshima tu, akidhani atakaa dakika kumi halafu aage. Alipofumbua macho jua lilikuwa linashuka. Alikuwa amevuliwa viatu na kuongezewa blanketi la pili, wala hakuhisi. Aliona aibu. Mama Lea alimpa chai na viazi vya kuchemsha, akamwambia basi la leo asahau, atalala hapo hapo, kesho ataondoka baada ya ibada.

Ikupa akarudi karakanani. Mwili ulimuuma kuliko kabla hajalala, kama vile sasa ndiyo umepata nafasi ya kusema. Ila mkono ulikuwa umetulia. Fimbo ya mpingo bega liliikataa. Ile nyepesi ilimrukaruka mkononi. Ya mninga ikapeleka mpira moja kwa moja hadi mwisho wa meza. Akapiga tena, na tena.

"Hii," akasema. "Ila hapa kishikioni paongezwe unene kidogo. Vidole vyangu havikunjiki vizuri tangu nianze kumbeba mama."

Mzee akaweka alama kwa penseli. Akasema itachukua wiki tatu, maana kwa baridi hii vanishi inachelewa kukauka. Akauliza kama mwaka huu atachezea timu. Ikupa akafikiri, akajibu kwamba hajui. Bado amechoka sana. Mzee akasema si lazima ajue.

Ikupa akaomba apige mipira michache zaidi. Mzee akawasha taa, akavuta kigoda upande wa pili wa meza, akakaa kuupokea mpira kila ulipofika ukingoni na kumrudishia.