Siku ya Kufukua Nyama

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Thabit bin Harub walimpa sepetu. Ilikuwa sikukuu tatu, Idi ya kufungua Ramadhani, mwaka wa 1970, na jua halijachomoza. Wanaume kumi na saba wa ukoo walilizunguka shimo lililo nyuma ya vibanda vya Darsait, Oman, wakingoja nyama waliyoizika sikukuu mosi. Joto lilishavunjika. Watu waliokuwa wakilala juu ya mapaa tangu mwezi wa tano walikwisha kuteremsha vitanda vyao, na wazee walikuja na shali mabegani. Thabit alichimba. Kule Unguja alikuwa mchora ramani katika idara ya ujenzi, na mikono yake ya miaka arubaini na mitano ilijua kalamu kuliko mpini, lakini alichimba kwa bidii ya mtu mwenye shida.

Shida yake ilikuwa karatasi. Serikali mpya, yenye umri wa miezi minne, ilikuwa imewaita Waomani walioko nje warudi kwao. Thabit aliitika. Alitoka Dubai, ambako familia nne zilikuwa zikilala chumba kimoja, akaja na mama yake, mkewe na binti yake, kwa ruhusa ya kukaa miezi mitatu. Ofisi ya pasi ikamwambia kwamba kuitwa ni jambo moja na kujulikana ni jambo jingine. Alete mashahidi wawili, wanaume wa kabila lake, waseme kwamba wanamjua baba yake. Na mashahidi hao wasiwe watu waliotoka Zanzibar, kwa sababu hao, alivyosema karani, wanashuhudiana wenyewe kwa wenyewe.

Miezi mitatu ilikuwa inakwisha leo. Ofisi nayo ilikuwa inafunguliwa leo, maana serikali mpya ina haraka na sikukuu yake ni siku mbili tu. Baba yake Thabit, marehemu Harub, aliondoka Oman akiwa na miaka kumi na hakurudi tena. Miaka sitini imepita, nenda kamtafute aliyemjua.

Sepetu iligonga bati. Wanaume waliinama pamoja, wakaliinua, na mvuke ukawapiga usoni. Redio ya Marhoon ilikuwa inaimba juu ya jiwe kwa sauti ya juu kabisa. Mwaka jana, chini ya sultani wa zamani, angefungwa kwa ajili yake, kwa hiyo mwaka huu hakuizima hata usiku. Marhoon ndiye aliyekuwa mkubwa wa shimo, mwanamume wa tumbo na sauti, na ni yeye aliyetoa mifuko ya ukili mmoja mmoja na kuutangaza kila mmoja kwa jina la mwenyewe. Kila nyumba ilikuwa na alama yake. Mfuko wa nyumba ya Thabit ulifungwa utepe wa kanga.

"Huu wanukia karafuu tupu!" alipiga kelele Marhoon, akaupeleka puani mwa kila mtu. "Wa nani kama si wa Mzinjibari? Bwana, mmemtia mbuzi au mmetia shamba zima?"

Watu walicheka, na Thabit naye alicheka. Kosa lilikuwa la mama yake, Bi Sayyida, ambaye tangu mwanzo aliona ni vichekesho nyama kuzikwa, akauliza kama wataisomea na hitima. Alipoambiwa atie viungo, alitia kama mtu anayemficha maiti harufu.

Lakini ilikuwa raha. Thabit lazima aseme ukweli wa moyo wake: tangu aikimbie Unguja hajawahi kusimama mahali akataniwa namna hii, kama mtu wa nyumbani. Marhoon alimshika kidevu mbele ya wote, akamgeuza uso kwenye mwanga.

"Tazameni pua hii. Pua ya nani? Yetu! Huyu hata angezaliwa Uchina, ni wetu."

Thabit aliona hii ndiyo nafasi. Kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya pwani aliwaeleza habari ya ofisi, mashahidi wawili, na muda unaokwisha adhuhuri hii. Alisema kwamba hahitaji fedha wala mahali pa kulala. Anahitaji watu wawili waende naye Matrah, watie dole gumba kwenye wino, warudi kula.

Redio iliimba peke yake. Mmoja alianza kukagua fundo la mfuko wake. Mwingine alikumbuka kwamba mbuzi wake hawajapewa maji.

"Ndugu yangu," alisema Marhoon, na sauti ilikuwa imeshuka, "nyama tutakula pamoja. Leo, na mwakani, na watoto wetu. Lakini dole langu mimi silitii. Kaka yangu alimdhamini mtu kwa serikali, mtu akakosea, kaka akakaa ngomeni miaka mitatu na pingu miguuni. Alitoka hawezi kusimama."

"Hiyo ilikuwa serikali iliyopita, Bwana Marhoon."

"Wino ni ule ule."

Thabit hakuweza kumchukia, na hilo lilimuuma zaidi. Mtu mwovu unamtukana ukapumua. Huyu alikuwa mwema mwenye woga, na macho yake yalikuwa na machozi kweli. Alimwongezea Thabit kipande kikubwa cha paja kutoka mfuko wake mwenyewe.

"Mimi ntakwenda," ilisema sauti iliyotoka chini.

Alikuwa Mzee Ghanim, aliyeketi juu ya kamba aliyokuwa akiisokota. Msimu huu, kabla ya mvua za baridi, watu hubadilisha makuti ya vibanda, na kamba zote za Darsait zilitoka mikononi mwake. Alikuwa na miaka sabini na kitu, hakuna aliyejua kitu hicho ni ngapi.

"Harub nimelala naye blanketi moja," alisema. "Siku aliyochukuliwa na ami yake kupelekwa Unguja, nililia mpaka nikapigwa. Nani mwingine wa kumshuhudia kama si mimi?"

Walipitia nyumbani kuweka nyama. Nyumba ilikuwa kibanda cha makuti chenye ua, na Hind, mke wa Thabit, alikuwa amekwisha kutandika mkeka kwa wageni wa mchana. Alikuwa na kanzu ya mumewe mkononi, imepigwa pasi mpaka inakata. Alihesabu watu walioingia na mumewe, akaona mmoja, akajua.

"Mwengine?" aliuliza.

"Hakuna mwengine."

"Na yule anaeisifu pua yako kila siku akakwita ndugu?"

"Anaogopa."

"Undugu kufaana, si kufanana," alidakia Bi Sayyida kutoka pembeni. "Nshakwambia, pua haitii sahihi."

Bi Sayyida hakujua Kiarabu zaidi ya kile cha sala, na Mzee Ghanim hakujua Kiswahili hata neno moja. Hata hivyo alimkaribisha mzee, akamchambulia nyama laini kwa sababu ya meno yake, akamwangalia akila. Mzee alitafuna, akafikiri, akasema jambo. Thabit akatafsiri.

"Anasema ni tamu, ila karafuu imezidi. Na anauliza, je, baba mpaka ukubwani alikuwa akihesabu mbuzi usingizini?"

Bi Sayyida aliacha mkono hewani.

"Yarabi! Kajuaje? Miaka thalathini nnalala na yule bwana, kila usiku wahed, thnen, tlata! Nami mwari wa watu nikidhani anahesabu wanawake wake!" Alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na hakuendelea kucheka. "Mwambie akihesabu. Mwambie hata siku ya mwisho akihesabu, akafika arubaini na moja."

Thabit alitafsiri. Mzee Ghanim aliinamisha kichwa. "Walikuwa arubaini na wawili," alisema. "Mmoja alipotea siku ile ile aliyochukuliwa Harub, na yeye ndiye aliyekuwa mchungaji."

Hind alimvisha mumewe kanzu na kumfunga vifungo kama mtoto. Shaikha, binti yao wa miaka minane, aliuliza kama baba akirudi na karatasi yeye ataandikwa skuli ya wasichana. Mama yake alimwambia akawashe mkaa wa udi, wageni wanakuja.

"Baba Shaikha," Hind alisema pale mlangoni, kwa sauti ya chini. "Dubai mimi nitarudi, nitalala hata kwa kukaa. Mama, kwa uzee ule, hatafika. Unajua hatafika."

"Najua."

Ofisi ya pasi Matrah ilikuwa chumba kimoja chenye feni, na foleni yake ilitoka nje ikakata kona. Walifika saa tatu, wakaingia saa sita kasorobo. Karani alikuwa kijana nadhifu, amerudi kutoka Kuwait mwezi wa tisa, na kilemba chake bado kilionyesha mikunjo ya dukani. Hakuwa mkali. Alimpa Mzee Ghanim kiti, akamwita ami, akampa mkono wa Idi.

"Shahidi mmoja tu?" alimuuliza Thabit.

"Mmoja huyu anamjua baba yangu kuliko kumi. Muulize lolote."

Karani aliuliza, na Mzee Ghanim alijibu. Alitaja baba yake Harub na babu yake mpaka mababu saba, akataja mfereji uliomwagilia mitende yao na zamu yao ya maji, akataja mbuzi. Karani aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Uso wake ulilegea, na Thabit alianza kuamini. Moyo ni mwepesi wa kudanganyika unapokuwa na njaa.

"Vizuri sana," alisema karani. "Sasa ami, nipe karatasi yako, niandike namba."

"Karatasi gani?"

"Yako wewe. Ya kuonyesha kwamba ni Muomani."

Mzee Ghanim alimtazama Thabit kuona kama amesikia vizuri. "Mwanangu, mimi sijawahi kutoka. Nimezaliwa hapa. Sijafika hata Sohar."

"Nakuamini. Lakini ushahidi lazima utoke kwa mtu anayejulikana. Mtu asiye na karatasi hajulikani." Karani alifungua mtoto wa meza, akatoa fomu. "Si neno, utajaza hii. Utaleta mashahidi wawili."

Mzee hakujua kusoma. Thabit aliichukua fomu, akachukua na kalamu, na kwa mwandiko wake wa mchora ramani alianza kuijaza pale pale mezani: jina, baba, kabila, mahali pa kuzaliwa. Hakujua kwa nini anafanya hivyo. Mikono yake ilitaka kazi tu, isije ikafanya jambo jingine. Alifika penye nafasi ya mashahidi, akasita.

"Nani anakujua, ami?"

"Waliokuwa wananijua utotoni wamekufa, na waliobaki wanaogopa wino," alisema Mzee Ghanim. "Wewe unanijua. Andika Thabit bin Harub."

Thabit aliandika. Karani alisoma jina hilo kwa juu juu, akatikisa kichwa, na safari hii alionekana amechoka kikweli.

"Huyu hawezi. Huyu muda wake umekwisha leo." Alivuta ruhusa ya Thabit, akailaza mezani, akapiga muhuri mwekundu. "Bwana Thabit, sheria inakupa siku saba za kutoka. Ukipata mashahidi kabla ya hapo, njoo. Mlango uko wazi."

Siku saba. Thabit alimwona mama yake ndani ya boti, akaondoa macho kwenye picha hiyo. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akashukuru, maana alilelewa kushukuru. Alimshika Mzee Ghanim mkono ili amsaidie kuinuka.

Mzee hakuinuka.

"Huyu umempa siku saba kwa sababu hana karatasi," alimwambia karani.

"Ndiyo, ami. Ndiyo sheria."

"Na mimi sina." Alinyosha kiganja juu ya meza, kigumu na chenye michubuko ya kamba. "Nipe zangu saba. Halafu unionyeshe njia ya kwetu iko wapi, niende."

Kule nyuma mtu mmoja alianza kucheka, kisha akaacha. Mwanamke aliyevaa barakoa aliuliza kinachosemwa, akaambiwa, na neno likatembea kutoka mdomo hadi mdomo mpaka nje penye kona. Karani aliushika muhuri. Aliuangalia, akaiangalia saa ya ukutani, akauweka chini, akauchukua tena.

"Ami, tafadhali. Watu wanangoja."

"Nami nangoja," alisema Mzee Ghanim, na kiganja chake kilibaki pale pale.