Mishono ya Mzee Viraka

Mimi si mtu wa kulialia. Watu wananiita Cheche, na si kwa sababu ya mashine ya kuchomelea peke yake. Hasira zangu nazo hazina breki. Lakini hili jambo la mama yangu na lile wimbi la chuma limenishinda, na afadhali nilisimulie mwenyewe kabla mdogo wangu hajalitia chumvi.

Baba alikuwa na boti ya chuma ya kuvusha watu na mizigo yao. Ilikuwa kuukuu tangu siku aliyoinunua. Kila ilipotoboka alibandika kiraka cha bati na kuchomelea mwenyewe, na mishono yake, Mungu amrehemu, ilikuwa mibaya kweli: minene huku, myembamba kule, imejaa mabonge kama nta iliyomwagika. Abiria wakampachika jina la Mzee Viraka. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na nilipofika miaka kumi na saba nilikuwa nimeshampita, nikawa namcheka waziwazi.

"Baba, huu ni mshono au kovu?"

"Maji yanaingia?" angeniuliza. "Hayaingii. Basi ni mshono."

Siku hizi natengeneza sanamu za chuma. Samaki, makasia, ndege wa majini, vitu vyote nilivyokua navyo kule gatini. Ziko kwenye kumbi za hoteli na benki, na wanaozinunua hupenda kupitisha viganja juu yake wakisema hawajui zimeungwa wapi. Hiyo ndiyo sifa yangu, na nilikuwa naipenda.

Baba ametutoka mwaka wa tatu sasa. Baada ya hapo macho ya mama yakaendelea kufifia mpaka akawa haoni kabisa, na picha za marehemu zikawa hazimsaidii kitu. Boti ilikuwa imelala ufukweni inaoza. Mkuu wa gati akataka iondolewe, tukakubaliana na watu wa chuma chakavu waje kuichukua. Ndipo mama akaniita.

"Kabla hawajaja," akasema, "nikatie ule ubavu wa karibu na usukani, pale nilipokuwa nakaa. Nitengenezee chochote unachotaka, nikiweke kando ya kitanda. Nataka nikinyoosha mkono nimguse baba yako."

Nilimsikia vizuri. Nisije nikasema sikumsikia.

Nilikata ule ubavu siku hiyohiyo. Boti yote iliyobaki ikaenda kuyeyushwa. Sasa, karakanani kwangu chuma kikiingia, kwanza ni grinda. Kutu, rangi, mishono ya watu wengine, vyote vinasagwa mpaka chuma king'ae, ndipo naanza kukunja. Nimefanya hivyo miaka ishirini, na mikono yangu haiombi tena ruhusa kwa kichwa. Nilisaga siku mbili. Ningeweza kusema ni mazoea tu, lakini nitakuwa mwongo. Niliona aibu. Nilijiambia, kazi ya Cheche ikae chumbani kwa mama ina mabonge yale? Ng'o.

Likatoka wimbi la kimo cha kiti, limekunja kichwa liko karibu kuvunjika. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Tulilibeba mimi na mdogo wangu, yeye ndiye anayeishi na mama, tukaliweka kando ya kitanda. Mama alikuwa ameoga na kubadili nguo, utadhani anapokea mgeni.

Akanyoosha mikono. Akapapasa juu, akashuka ubavuni, akarudi juu. Alianza polepole, kisha akawa anapapasa harakaharaka kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Ni laini," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mabonge yake yako wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Dada," mdogo wangu akasema, "umeyasaga?"

"Yote," nikasema.

"Si kitu," mama akasema. "Ni zuri." Akairudisha mikono mapajani.

Mwenye akili angeomba radhi akanyamaza. Mimi nikalirudisha wimbi karakanani. Nimeicheka mishono ya baba maisha yangu yote, nitashindwaje kuiiga? Mdogo wangu akanikumbusha kwamba maji yakimwagika hayazoleki, nikamfokea mpaka akaondoka. Wiki nzima nilichomelea vibaya kwa makusudi. Nilitetemesha mkono, nilizidisha moto. Mshono wa kwanza ulitoka mzuri mno, nikausaga. Wa pili vilevile. Mwishowe nikapata mmoja ambao nilipofumba macho na kuupapasa, nilimwona baba ameinama. Nilikaa sakafuni nikalia, na katika kulia huko nikafurahi, nikijua nimemrudishia mama kitu chake.

Safari hii mama hakuharakisha. Kidole chake kilifuata mshono tangu mwanzo hadi mwisho, bonge baada ya bonge.

"Huyu ni wewe," akasema.

"Mama..."

"Umejitahidi, mwanangu. Lakini umetulia. Kila bonge umelipangia mahali. Baba yako alikuwa anachomelea abiria wamejaa gatini wanapiga kelele, mimi nimelikanyaga bati lisisogee, na nyinyi mko nyumbani hamjala. Alitulia lini huyo? Alijua ni mibaya. Ulikuwa ukimcheka, usiku ananiambia, siku nikipata nafasi nitashona mmoja mzuri, mwanangu auone."

Nilipiga magoti. Sikumbuki mara ya mwisho nilipompigia mtu magoti. "Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe." Akanitafuta kichwa kwa mkono, akakipata, akakishika kidogo. Kisha akasema, "Sasa liondoeni hapo, nisije nikajikwaa nalo nikienda chooni."