Choroko Ndani ya Hotpoti

Jana usiku, mwanangu Shamsa akiwa amenilalia kifuani, niliota hotpoti inakohoa.

Ilikuwa jikoni kwangu, Muheza. Mle ndani nilikuwa nimehifadhi choroko zangu zilizochipua, vimikia vyeupe vimetokeza kama meno ya mtoto. Asubuhi mama mkwe wangu, Bi Mgeni, angekuja kumwonjesha mjukuu wake chakula cha kwanza, nami nilitaka kiwe hicho: choroko zilizochemshwa zikapondwa laini. Zikioza, angemlisha uji mtupu na kusema, "Si nilisema? Masomo ya jioni hayapiki." Kwa hofu hiyo niliziosha, nikazitia zikichuruzika maji kwenye chombo kizuri kuliko vyote nyumbani, zawadi ya kicheni pati yangu, nikakaza mfuniko.

Nafunua. Mvuke unanipiga usoni.

"Mama Shamsa, hujambo?" anauliza choroko mmoja mwenye mkia mrefu.

"Sijambo. Nyie je?"

"Hatujambo, ila tunaoza."

Nawaomba radhi. Nawaeleza niliwafunika wasipate baridi.

"Baridi imetukosea nini?" anadakia mwenzake. "Hotpoti ni ya wali, dada. Sisi tuko hai."

Nakumbuka mwalimu wetu wa lishe, kule kwenye masomo ya jioni, alisema ziachwe zipumue. Haya, nawaambia, pumueni. Wanapumua wote kwa mpigo. Sufuria zinahama kabati, ukuta unavimba kama shavu.

"Mama Shamsa!" jirani anaita nje. "Punguzeni pumzi huko, kanga zangu zinapaa!"

Mwalimu alisema pia zikauke. Basi wanapanga foleni, nami nawafuta kwa kitambaa safi, mmoja mmoja, mgongo, tumbo, mkia.

"Taratibu hapo," ananiambia mmoja, "natekenyeka."

Imebaki baridi, la tatu alilosema mwalimu. Nafungua mlango wa stoo, Njombe ya milimani hii hapa, ukungu hadi magotini. Mtungi umeketi juu ya mchanga uliolowa, umejitanda kitambaa kibichi.

"Karibuni," unasema. "Wakavu wapite. Mwenye tone hata moja namrudisha Muheza."

Wanapita kwa adabu, wanaingia mtungini, wanaachiana nafasi. Wa mwisho kwenye foleni ni Shamsa. Amevaa sweta, kofia ya sufu, soksi juu ya soksi, na blanketi juu ya yote hayo. Jasho linamtiririka.

"Na huyu?" unauliza mtungi.

"Huyu si choroko. Ni mwanangu."

"Sijauliza ni nani. Nauliza mbona kafungwa."

Namvua blanketi, kofia, soksi, sweta. Shamsa anavuta pumzi ndefu, anacheka, anatambaa kuwafuata wenzake ukunguni.

"Hodi humu! Mnalala mpaka saa hizi?"

Nikashtuka. Kumekucha, na Bi Mgeni alikwisha kuingia. Nikakimbilia jikoni, nikafungua hotpoti. Choroko zilikuwa kavu, baridi, hazina hata harufu. Bi Mgeni akachukua moja, akaing'ata. Ikalia ka!

"Mbichi hasa," akasema. "Haya, bandika sufuria, mwanangu, tumpikie mtoto."

Akaenda kumchukua Shamsa kitandani. Mara nikamsikia akiniita.

"We mama, si uliniambia huyu hajaanza kutambaa?"

"Hajaanza, mama."

"Basi njoo umwone magoti."

Nikayapangusa kwa kiganja. Ulikuwa mchanga, umelowa, na bado una ubaridi.