Wingu la Prezida wa Robine

Jumanne moja saa tatu asubuhi, mtaani Kilibula, Pélagie alikuwa anang'oa pamba iliyoungua kwenye sigara ya umeme ya mwalimu wa kwaya. Meza yake ilikaa chini ya bati mbili, kando ya robine ya avenue, bomba la maji la wakazi wote wa njia ile. Robine ile haikuwa imetoa hata tone tangu Februari, kwa hiyo alikuwa anatundika juu yake taulo la kufutia mikono.

Pélagie alianza na kutengeneza simu. Sigara za umeme zilimfuata zenyewe, zikitoka Bujumbura mifukoni mwa madereva, na mwaka haukuisha kabla hajawa mtu pekee Uvira anayezielewa zile zinazolishwa kwa chini. Zina kichupa laini tumboni. Unakibana kwa kidole, likidi inapanda kwenye tundu la pini mpaka ndani ya atomiza, huko juu, ambako pamba inaifyonza na waya wa rezistansi unaichemsha. Ukiachia kidole, iliyozidi inarudi chini.

Prezida Niyonzima alifika akipiga miayo. Alikuwa prezida wa kamati ya robine, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, na hakuna aliyewahi kumwona ana haraka.

"Jambo, Mama Pélagie. Hii kitu yangu iko inatoa ladha ya kitambaa cha kuungua."

"Jambo, Prezida. Leta nione." Aliifungua, akaichungulia kwa jicho moja. "Atomiza hii si ya kulishwa chini. Pini yake haina tundu. Weye unabana, likidi inakosa njia, pamba inakauka na kuungua."

"Basi nipe ya moshi mingi. Muntu wa kamati anapaswa kuonekana."

Pélagie alipanga atomiza tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, nzuri kwa mwenye kupenda ladha. Ya pili ilikuwa pana, yenye matundu ya hewa chini; inatoa wingu kubwa lakini inavuja. Ya tatu ilikuwa pana pia, ila matundu yake yalikuwa ubavuni, juu kidogo ya pale likidi inapofika. Aliitazama suruali ya Prezida, iliyokuwa nyeupe na imepigwa pasi, akachagua ya tatu.

Akazungusha waya mara sita, akaupitisha moto, akaugusagusa kwa koleo dogo mpaka wekundu ukawa unaanzia katikati na kwenda pembeni sawasawa. Akaingiza pamba, akakata ncha zake ziguse sakafu ya atomiza bila kuziba tundu la pini. Kazi safi. Alimkabidhi mwenyewe.

Prezida alibana, akavuta, akapuliza. Wingu lilipanda hadi usawa wa bati, likageuka kijivu, likanyesha. Lilinyesha kwenye eneo la ukubwa wa mkeka mmoja, kwa dakika mbili hivi. Pélagie alifunika simu za wateja kwa plastiki.

"Pamba ni kidogo," alisema. "Inapitisha mayi."

Aliongeza pamba. Mara ya pili mvua ilikuwa nyepesi zaidi, lakini pamoja nayo alianguka bata wa plastiki, kisha miwani ya mtoto ya kuogelea. Prezida alimwokota bata na kumweka mezani. Tumboni mwa bata kulikuwa na jina la auberge mpya, nyumba ya wageni ya kando ya ziwa, ile yenye pisini ya kuogelea, iliyofunguliwa mwezi wa Februari.

Jirani yao Ninahazwe, mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa amekwisha kuleta beseni. Tangu robine ikauke alikuwa anachota maji ziwani, na mkamwana wake Naomie alikuwa na siku ya tano kitandani kwenye kituo cha afya kwa sababu ya maji hayo. Ninahazwe alichovya kidole ndani ya beseni akakilamba.

"Ni mayi yetu," alisema. "Minye naijua. Iko na kutu ya tuyo yetu, ile bomba ya chini ya udongo. Wameongeza tu dawa ya pisini."

Pélagie alimgeukia mteja wake. "Prezida, robine yetu iko mu pisini?"

"Iko mu étude," alijibu Prezida. "Bado tunaichunguza. Faili iko ku biro, ofisini."

"Biro ya nani?"

"Yangu."

Ninahazwe alikasirika. Alikumbuka njia ya ziwani, na macho ya Naomie yalivyoingia ndani. Lakini beseni lilikuwa halijafika nusu.

"Vuta tena, Prezida," alisema.

Prezida akavuta tena.

Kesho yake kulikuwa na bidoni kumi na moja, madumu matupu ya maji, mbele ya meza. Ijumaa zilikuwa arobaini na mbili, zimepangwa mstari, kila moja na jiwe juu yake. Prezida alikuwa anafika saa moja asubuhi, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anapuliza hadi saa nne. Alipokohoa, akina mama walimletea asali. Hakuwahi kupendwa hivyo tangu achaguliwe, na alianza kuvaa tai.

Pélagie alifanya kazi ile kwa makini. Rezistansi moja ilileta manyunyu, mazuri kwa kuosha mchele wa Bwegera. Rezistansi mbili zilijaza pipa kwa robo saa, lakini zilileta radi ndogo iliyomuunguza Prezida sharubu. Mwishowe akabaki na rezistansi mbili, akapunguza moto na kufungua matundu ya hewa yote. Taulo za auberge zilizoanguka alizianika, na viatu vya plastiki alivipanga kwa jozi, endapo wenyewe wangevifuata. Naomie alirudi nyumbani, akanywa maji ya wingu yaliyochemshwa, na hakuugua tena.

Hata hivyo Pélagie aliandika barua. Aliandika kwamba avenue inataka tuyo yake irudishwe kwenye robine, na watu tisini wakatia sahihi. Barua ya namna hiyo ilipaswa kupelekwa kwa prezida wa kamati. Niyonzima aliipokea akiwa kitini, akaigonga muhuri, akaisoma kwa sauti nzuri ya kanisani, akasema ina haki tupu na kwamba ataunda komisio ya uchunguzi.

"Komisio ya batu wangapi?" aliuliza Ninahazwe.

"Mumoja kwa kuanza," alisema Prezida, na kupuliza. Barua ililowa.

Tatizo likatokea upande wa pili. Pisini ya auberge ilikuwa inashuka kiganja kimoja kila siku, na wageni walilalamika kwamba wanaogelea wakigusa chini kwa magoti. Mwenye auberge alikuja kumwona Prezida. Walizungumza kwa heshima chini ya mwavuli. Wiki iliyofuata tuyo ya avenue ya jirani nayo ikaelekezwa pisini, ili ijae, na watu wa avenue ile wakaja kwa Pélagie na bidoni zao. Mstari ukafika karibu na barabara kubwa. Pélagie aliagiza Bujumbura atomiza pana kuliko zote.

Ilipofika, Prezida aliomba jambo moja. Likidi isiyo na ladha ilikuwa imemchosha mdomo. Alitaka ya embe.

"Hapana," alisema Ninahazwe. "Maharage itatoka tamu."

"Hata mint?"

"Hata mint. Nitaoga mint?"

Prezida alisema kamati yake inasikiliza watu, na kwamba suala hilo litapigiwa kura. Kura ilipigwa Jumapili baada ya misa, kwa mikono, katikati ya bidoni. Embe ilipata tisa, mint ishirini na mbili, nyingi za vijana. Isiyo na ladha ilipata mia moja sitini na saba. Pélagie alihesabu mara mbili, na Prezida akatangaza matokeo amesimama, akiwapongeza wote kwa utulivu.

Wanawake walirudi nyumbani wameridhika. Ninahazwe alibeba bidoni yake kichwani bila kumwaga, na njiani alimwambia Naomie kwamba katika miaka yake yote pale Kilibula, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kamati ya robine kuwauliza wanataka nini.