Mfuko Ulioshonwa Kabla ya Tableti

…nane nukta saba, siyo nane na nusu, nimeandika vibaya kwenye daftari, nafuta, naandika upya, inchi nane nukta saba kwa hii ndogo, kumi na moja kwa hii kubwa, betri ya kubwa inadumu zaidi, ndogo ni nyepesi zaidi, zote mbili zina tundu la kadi ya simu, bei zinakaribiana kiasi kwamba bei hainisaidii kitu, na Parfait mwenye duka ameegemea kaunta yake, anawatazama watu wa Kamembe wanavyopita barabarani, halafu ananitazama mimi, "Sasa, dada Gasaro, unakamata gani? Mi hata bibi yangu sikumuchunguza hivi mbele ya kumuoa," nami natabasamu tu, namwambia dakika moja, ingawa nilimwambia dakika moja tangu saa nne… atacheka, acha acheke, yeye hatakuwa Bugarama Jumatatu, mimi ndiye nitakayekuwa katikati ya mpunga nikipima mashamba ya wanaushirika, kipande kwa kipande, jina kwa jina, na kila mpimaji aje na tableti yake mwenyewe, na mkuu wetu, Mbarushimana, aliniambia kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka na vijana wa chuo, "Huku jua inakulaka ekra, ile kioo ya tableti, kama hausome saa sita ya muchana utaandika shamba ya muntu ku jina ya jirani yake, na batu batapigana juu yako," kisha akasema miezi mitatu ya majaribio, alisema polepole, miezi mitatu… mwaka mmoja na nusu tangu nimalize chuo, nakala za barua za maombi zisizojibiwa zimejaa bahasha nzima, na leo nina kazi, Alhamdulillah, nina kazi, halafu nashindwa kuchagua kioo. Lakini kioo nimekwisha kukichagua, nisijidanganye, nilizitoa zote mbili barazani, Parfait akinifuata nyuma asije akaibiwa na binti wa fundi cherehani, na kwenye ile ndogo niliona uso wangu tu, uso na kitambaa changu cha kichwa, herufi hata moja sikuiona, na kwenye kubwa nilisoma kila kitu, mpaka nukta, kwa hiyo jibu lipo, liko wazi, tatizo siyo tableti. Tatizo ni mfuko. Uko hapa kaunta, kati ya zote mbili, mweusi, Papa ameushona, na nilikosea mimi, kwa sababu wiki mbili zilizopita nilikuwa nimeamua ndogo, nilikuwa na hakika, nikarudi nyumbani nikasema hivyo, na Papa akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Ni mukubwa sawa nini?" nikajibu bila kuinua kichwa, kama daftari, Papa, kama daftari langu hili, nikaliacha mezani… sikujua angelipima, Papa, fundi Mudathiru, hajaketi kwenye cherehani miaka miwili tangu presha ya macho imchukulie karibu mwanga wote, cherehani imefunikwa shuka, lakini kila asubuhi kabla sijatoka ananiambia nimtungie uzi kwenye sindano sita, nazichomeka kwenye mto wa kiti chake zikiwa zimepangwa, nilidhani ni vifungo, nilidhani anajiliwaza, na wiki iliyopita alitaka zote sita ziwe na uzi mweusi, nikatunga, nikaenda zangu, nikarudi, ananinyooshea mfuko, nje kitambaa kigumu cha mabegi, ndani kipande cha blanketi langu la chuoni, lile nililorudi nalo kutoka Huye, "Nimeshona juu tableti isiumie njiani, kule Bugarama barabara inatikisaka," na mishono imenyooka, imenyooka kuliko mistari yangu, aliufuata ukingo kwa kidole. Nimeujaribu hapa. Ndogo inaingia kama mkono kwenye glovu. Kubwa inaingiza pembe moja halafu inakataa, na Parfait akacheka, "Dada, hii mufuko balishonea kaka yake mudogo, uache, mi nitakupatia ya mupira, bure," na kwa kweli ni mtu mwema, ameitoa tayari, ya mpira, ya buluu, naweza kuichukua, naweza kumwambia Papa mfuko umetosha, lakini jioni atanyoosha mkono, ndivyo anavyoviona vitu siku hizi, atapapasa, atagusa mpira, ataurudisha mkono magotini… basi nichukue ndogo, nitajifunika shuka kichwani nikisoma kama wapiga picha wa zamani, watu watanicheka, nimezoea, walinicheka shule ya msingi, "Gasaro, sketi yako iko na barabara tatu," kwa sababu Papa alikuwa akinishonea sketi moja ya kudumu miaka mitatu, anakunja kitambaa ndani kwenye pindo na ubavuni, kila mwaka anafumua kidogo, na pale pindo lilipokuwa unabaki mstari wa buluu iliyokolea, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa tatu, barabara zangu, nililia nikamwambia nataka sketi kama za wengine, zinazokatwa kamili, naye akiwa na utepe wa kupimia shingoni akasema, "Mutoto anakomalaka, kitambaa hapana, kwa hiyo fundi anaachiaka," nami nilimchukia siku nzima, nilihesabu saa, nilikuwa mtoto wa kuhesabu hata hapo… anaachia… mafundi wa rika lake wote huachia, hakuna nguo ya mtoto iliyotoka mikononi mwake bila kitambaa cha ziada ndani… naurudisha mkono mfukoni, taratibu, hadi chini, nasukuma blanketi kwa kidole gumba, na ukingo ni mnene. Mnene mno. Nahesabu, tabaka mbili zingetosha, hapa kuna nne, nageuza mfuko ndani nje juu ya kaunta, Parfait anasema, "Sasa unaipasua?" naendelea kupapasa, pande zote mbili, na chini pia, kitambaa kimekunjwa ndani upana wa vidole vitatu, na uzi unaokishika siyo ule mdogo mdogo wa nje, ni bandi, mishono mirefu, milegevu, ile ambayo fundi huipiga akijua itafumuliwa… alijua. Nilimwambia nina hakika, nikamwonyesha daftari, na yeye asiyeiona tena rangi ya ukuta aliniona mimi, mtoto aliyerudisha viatu dukani mara tatu, akapima daftari kama nilivyomwambia, ili nisione kwamba haniamini, kisha akaniachia kitambaa cha kubadilisha mawazo, vidole vitatu kila upande, kwa sindano nilizomtungia mwenyewe nikiwa na haraka ya kutoka, ee Mola, nami nilikuwa hapa tangu saa nne nikipanga jinsi ya kumdanganya, nami zile barabara tatu nilizililia, na hakuna mwaka hata mmoja nilioenda shule na sketi fupi, hata mmoja, sikuwahi kuliandika hilo popote, mimi ninayeandika kila kitu… Na wembe uko pale, karibu na gundi ya Parfait, naweza kuikata bandi sasa hivi na kujaribu, nijue kwa hakika kama inatosha, vidole vitatu mara mbili, na kubwa imezidi ndogo kwa… hapana, sipimi. Mara hii sipimi. Jioni nitamtungia sindano, nitamwekea mfuko magotini na tableti juu yake, aipapase pembe zote nne, afumue mwenyewe. Dukani hakuna kilichobadilika, barabarani watu ni wale wale, daftari liko wazi kwenye nane nukta saba, mpira wa buluu unasubiri, na Parfait anapangusa kaunta mahali pasipo na vumbi, "Dada Gasaro, sasa unakamata gani?" anauliza, naisogeza ile kubwa upande wake, macho yamejaa kidogo na sitaki aone, nafikiria tu nitakavyoingia mlangoni na kusalimia, atauliza imetosha, nami nitasema, Papa, imekomaa.